Miaka Ambayo Hawakuchora Pia Ni Historia

Nikimwambia mtu kwamba nasomea sanaa, na kwamba nimejikita katika historia yake, swali linalofuata nalijua: utaajiriwa wapi? Mama huniuliza kila akipiga simu, kwa upole, baada ya kuniuliza kama nimekula. Namjibu vile ninavyoweza. Lakini swali linaloninyima usingizi muhula huu ni jingine kabisa: Rosemary Karuga alikuwa akifanya nini kati ya mwaka 1952 na 1987?

Karuga alizaliwa Meru mwaka 1928. Aliingia shule ya sanaa ya Makerere mwaka 1950, akamaliza 1952, akawa mwanamke wa kwanza kuhitimu pale. Baada ya hapo maandishi karibu yote yanayomhusu hutembea kwa namna moja. Sentensi ya kwanza inasema akawa mwalimu. Sentensi ya pili tayari ni miaka ya themanini, amestaafu, anakaribia miaka sitini, anarudi kwenye sanaa. Rangi zilikuwa ghali, basi akachukua pakiti za unga na karatasi za sabuni, akazichana vipande vidogo vidogo na kuvibandika hadi vikawa wanawake shambani, kuku, ng'ombe, kijiji kizima. Mwaka 1990 kolaji hizo zilitundikwa Studio Museum in Harlem, New York, katika maonyesho ya wasanii tisa wa Afrika, El Anatsui, mchongaji mashuhuri wa Ghana, akiwa mmoja wao. Kati ya hao tisa mwanamke alikuwa yeye peke yake. Alifariki Februari 2021 akiwa na umri wa miaka 92.

Watu huipenda hadithi hii kwa sababu ya pakiti za unga. Nami nazipenda. Ila kati ya sentensi ile ya kwanza na ya pili pamefukiwa miaka zaidi ya thelathini, na sijaona mtihani wowote unaouliza habari zake. Hapo ndipo ninapotaka kusimama. Naamini miaka ambayo msanii mwanamke hakuonyesha kazi ni sehemu ya historia ya sanaa sawasawa na miaka aliyoonyesha, na tunapoiruka tunaandika historia ya watu waliokuwa na nafasi tu.

Maisha yangu ya kila siku hayana makubwa. Asubuhi napanda matatu kwenda mjini, nashuka, natembea hadi chuoni nikiwa na mkoba wa makaratasi. Vitabu vya sanaa ni bei mbaya, kwa hiyo tunasoma kwa fotokopi, na fotokopi za sanaa ni huzuni tupu: mchoro uliojaa nyekundu na buluu unakufikia ukiwa kijivu. Mhadhiri akiwasha projekta, pazia halizuii jua vizuri, tunakaza macho. Mchana ni chapati madondo kibandani, mabishano yakiendelea. Nikipata nafasi napitia Nairobi Gallery, lile jengo la mawe la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya serikali ya kikoloni, ambalo siku hizi lina vitu vilivyokusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya, na mkewe Sheila. Napenda kukaa pale bila haraka, maana kitu halisi kina kimo na uzito ambao simu haiwezi kukupa.

Usiku, bando likiwa bado lipo, nafungua tovuti za makumbusho ya mbali yanayoruhusu mtu yeyote kuzitazama picha zao kwa karibu. Mchoro nilioutazama zaidi mwaka huu ni wa Judith Leyster, Mholanzi, alipojichora mwenyewe kwenye miaka ya 1630. Uko National Gallery of Art, Washington. Amekaa mbele ya kazi yake, brashi nyingi mkononi, amegeuka kama vile umeingia ghafla naye yuko tayari kuzungumza nawe. Mwaka 1633 alikubaliwa katika chama cha wachoraji wa Haarlem, jambo ambalo wanawake wachache mno walilipata. Mwaka 1636 akaolewa na mchoraji mwenzake, Jan Miense Molenaer, wakapata watoto watano. Kazi zake zinazojulikana baada ya hapo ni za kuhesabu kwa vidole. Alipokufa, jina lake likafutika, na michoro yake ikauzwa kama ya Frans Hals, mchoraji mashuhuri wa Haarlem wa wakati huo, au ya mumewe, hadi mwaka 1893 alama yake, herufi zake na nyota, ilipotambuliwa kwenye mchoro uliokuwa umeuzwa kama wa Hals.

Darasani kisa cha ile nyota ndicho hupendwa, kwa sababu kina wizi wa jina na kina ugunduzi. Miaka ya ndoa haina mshindo, basi inaachwa. Mimi huwaza nyumba ile: wachoraji wawili chini ya paa moja, watoto watano, na mmoja wa wachoraji hao anaendelea kutoa kazi. Pale ndani kulikuwa na mgawanyo wa saa za siku. Mgawanyo huo una historia, na historia hiyo iliamua ni michoro gani tunayo leo na ni ipi haikuwahi kuchorwa.

Linda Nochlin, mwanahistoria wa sanaa wa Marekani, aliandika mwaka 1971 makala mashuhuri akiuliza kwa nini hapakuwa na wasanii wakuu wanawake. Jibu lake lilikuwa kwamba taasisi ndizo zilizowafungia: mwanamke hakuruhusiwa kuchora mwili wa binadamu aliye uchi darasani, na bila hilo hakuweza kuchora zile picha kubwa zilizohesabiwa kuwa sanaa ya juu. Namheshimu, na bila yeye nisingekuwa na cha kuandika. Lakini nikilivuta jibu lake hadi huku kwetu naona halifiki mwisho wa safari. Shule ya sanaa ya Makerere ilianzishwa na mwanamke, Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha kwenye baraza ya nyumba yake mwaka 1937. Wanawake walianza kupokewa Makerere mwaka 1945. Karuga aliingia, akafundishwa, akafaulu. Mlango ulikuwa wazi, angalau kwake. Kilichomtenga na kazi yake kwa miongo mitatu kilimsubiri nje, baada ya cheti.

Mwenzangu mmoja darasani hunipinga hapa, na hoja yake ni nzito. Anasema kila msanii wa Afrika Mashariki amefundisha ili apate kula, wanaume kwa wanawake. Ni kweli. Sam Ntiro alifundisha. Gregory Maloba alifundisha. Ila tazama walifundisha wapi: palepale Makerere, kwenye shule ya sanaa yenyewe, penye karakana, udongo, wanafunzi waliotaka kuwa wasanii, na wageni waliokuja kuangalia. Maloba ndiye aliyetengeneza mnara wa uhuru wa Kampala wa mwaka 1962. Karuga alikwenda kufundisha watoto shuleni. Kazi zote mbili huitwa ualimu, lakini moja inakuweka karibu na brashi, na nyingine inakupa rundo la madaftari ya kusahihisha.

Nalijua rundo hilo kwa sababu nimelala nyumba moja nalo. Shangazi yangu amefundisha sanaa shule za upili karibu maisha yake yote ya kazi. Likizo iliyopita nilimwomba anionyeshe alivyochora. Akaniambia, "Sina kazi yoyote mwanangu, nilikuwa mwalimu tu." Nikamsihi. Akatoa chini ya kitanda bahasha kubwa ya kahawia, ndani yake chati za kufundishia: gurudumu la rangi, hatua za kuchora mkono unaoshika kikombe, namna ya kusuka kikapu mwanzo hadi mwisho, vivuli vya chungu kimoja kikiangaziwa kutoka pande nne. Karatasi za manila zilizokunjwa mara nyingi hadi zimepasuka kwenye mikunjo, na pembe zake zina matundu ya pini. Ule mkono na kikombe ni mchoro bora. Nasema hivi nikiwa mtu ninayetazama michoro kutwa kucha: mstari wa kidole gumba hausiti hata kidogo. Nikamuuliza alichora lini. Akakumbuka kwa watoto: huyu alikuwa mchanga, yule alikuwa ameanza shule. Nikamuuliza mbona hakutia sahihi. "Sahihi ya nini, na zilikuwa za darasa?"

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kuhusu chati za Karuga. Kwa miaka yote aliyofundisha, lazima alichora ubaoni na kwenye karatasi, mbele ya mamia ya watoto. Baadhi ya watoto hao leo ni babu na nyanya. Hakuna aliyewahoji kama tunavyowahoji walionunua kolaji zake.

Najua wapo wanawake ambao hawakusimama hata mwaka mmoja. Ladi Kwali wa Nigeria alifinyanga tangu utotoni, akaingia kituo cha ufinyanzi cha Abuja mwaka 1954, na leo yupo kwenye noti ya naira 20 akiwa na chungu chake. Magdalene Odundo wetu, mzaliwa wa Nairobi, alikwenda kujifunza Abuja kwenye miaka ya sabini, na mikono ya wanawake wafinyanzi wa kule ipo hadi leo ndani ya vyungu vyake vinavyong'aa. Kwao tatizo lilikuwa tofauti: kufinyanga kulihesabiwa kuwa kazi ya nyumbani, na makumbusho mengi bado yanaandika kabila la chungu bila jina la aliyekifinyanga. Hilo lina makala yake, sitaliingiza lote hapa.

Ninachotaka kukisukuma leo ni jambo ambalo linaweza kubadilishwa kwa kalamu. Kwenye ubao wa matangazo chuoni hubandikwa nafasi za tuzo, ufadhili na makazi ya wasanii, yaani mahali pa kukaa kwa muda na kufanya kazi ya sanaa. Nyingi zina mstari uleule: umri miaka 18 hadi 35. Najua mstari huo unatoka wapi, Katiba yetu inamhesabu kijana kuwa ni aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35, na pesa za vijana zina masharti yake. Lakini msanii chipukizi si lazima awe kijana. Karuga alichipuka akielekea miaka sitini. Tangazo lile lisingempokea.

Uingereza walilijifunza hili polepole. Turner Prize, tuzo yao kubwa ya sanaa, kwa miaka mingi ilikuwa ya wasanii wasiofika miaka 50. Mwaka 2017 kikomo hicho kiliondolewa, na mwaka huohuo akashinda Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1954, akiwa na miaka 63. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Hakuwa amelala miaka yote hiyo. Mwaka 1985 aliwakusanya wanawake kumi na mmoja, yeye akiwemo, weusi na wenye asili ya Asia, katika maonyesho London, wakati majumba makubwa hayakuwa na haja nao. Amefundisha, ameandaa maonyesho ya wengine, amechora, na ameichukua kanga pamoja na maneno yake akaifanya kazi ya ukutani. Kikomo cha umri kingebaki, asingeshinda, na wanafunzi kama mimi tusingemkuta kwenye orodha ya washindi.

Kwa hiyo mnaoandika masharti ya tuzo hizi huku kwetu, hesabuni miaka ya kazi, msihesabu miaka ya kuzaliwa. Semeni msanii ambaye hajafanya maonyesho yake binafsi, au aliyerudi kwenye sanaa ndani ya miaka mitano, awe na 22 au 61. Na wahadhiri wetu, nawaomba mtuachie tuandike tasnifu kuhusu walimu wa sanaa wa shule za kawaida. Mimi nimeomba, nasubiri jibu, na nitaomba tena.

Wakati nasubiri, nimeanza na bahasha ya shangazi. Nawe kama una mama, nyanya au mwalimu wa zamani mwenye vitu kama hivyo, usingoje chuo. Piga picha mchana, kwenye kivuli chenye mwanga, mbele na nyuma, maana nyuma mara nyingi kuna tarehe au jina la darasa. Pima kwa sentimita. Uliza kimetengenezwa kwa nini, nani alikuwa akiishi nyumbani wakati huo, kazi ilifanywa saa ngapi za siku. Muulize pia kuhusu vilivyotupwa. Andika jina lake kamili, yote matatu, la kwake kabla ya la mume.