Mjomba na Windows Inayokufa Kila Usiku

Mjomba hakuwa na haja na Windows 11. Alichotaka ni ule ujumbe wa kumwambia muda wa Windows 10 umekwisha uache kumziba uso kila anapoandika barua. Nikamweleza kuwa msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, ila akijiandikisha ataendelea kupata masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026.

"Yaani nikope mwaka?" akauliza. "Mimi sikopi. Niwekee hiyo mpya."

Ikabaki kujua kama mashine yenyewe inafaa. Ni kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Core i5-8400, na hapo tulikuwa salama, maana kwa Intel orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, ukiacha chache za kizazi cha saba, huanzia kizazi cha nane. Ingekuwa ya kizazi cha nne au cha sita ningemshauri akope huo mwaka, au ahamie Linux, mfumo mwingine badala ya Windows. RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ilikuwa GB 4. Hicho ndicho kima cha chini kinachotajwa, nacho maana yake ni kwamba itawaka, si kwamba utafanya kazi. Nikaongeza stiki nyingine ya DDR4 ya GB 4, kisha nikahamishia kila kitu kutoka kwenye diski ngumu ya kuzunguka kwenda kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Mwenye fedha za kifaa kimoja tu anunue SSD. Ataiona faida hata asipopandisha Windows.

Programu ya ukaguzi bado ikagoma: TPM 2.0 (sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri) haionekani, Secure Boot (ukaguzi wa usalama mashine inapowaka) haipo. Hapa ndipo wengi hutupa mashine nzima bure. TPM ilikuwemo, imezimwa tu ndani ya BIOS, programu ya bodi inayoamka kabla ya Windows; kwenye bodi kuu (mazabodi) za Intel huitwa PTT, za AMD fTPM. Nikaandika msinfo32 kwenye kisanduku cha kutafutia, na mstari wa aina ya BIOS ukasema Legacy, yaani njia ya zamani ya kuwasha. Maana yake diski ilipangwa kwa MBR, mpangilio wa zamani, na Secure Boot hufanya kazi kwenye UEFI, njia mpya ya kuwasha, ambayo ili iwashe Windows hutaka diski iliyopangwa kwa GPT, mpangilio mpya.

Nikaweka kwanza nakala ya faili zake zote kwenye diski ya nje. Kisha nikafungua dirisha la amri kama msimamizi na kuandika mbr2gpt /validate /allowFullOS, ambayo hukagua tu kama diski inaweza kugeuzwa. Ikapita, kwa hiyo nikarudia nikiweka /convert mahali pa /validate. (Diski ikiwa na sehemu zaidi ya tatu amri hii hukataa, na mwenye BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa siri, aisimamishe kwanza, la sivyo ataulizwa ufunguo wa tarakimu 48 ambao hakumbuki hata aliuweka wapi.) Ikiisha, mashine haiwaki tena kwa njia ya zamani. Unaingia BIOS, unazima CSM (ndiyo inayoruhusu njia ya zamani), unaweka UEFI, unawasha PTT na Secure Boot, unahifadhi na kutoka.

Windows 11 ikakaa juu ya ile ya zamani, faili na programu zote mahali pake. Nikairistati makusudi, tena na tena. Ikaamka kila mara. Nikaaga.

Asubuhi simu ikalia. "Mjomba, mashine yako imekufa." Ilipokuwa nzima ilikuwa yake.

Nilikuta skrini nyeusi ikilalamika kuwa hakuna diski ya kuwashia. Ndani ya BIOS mambo yalikuwa yamerudi kama bodi ilivyotoka kiwandani: Legacy, CSM imewashwa, PTT imezimwa. Nikarekebisha, ikawaka, nikairistati mpaka Mjomba akaniambia niache kuitesa. Kesho yake ikafa tena. Nikashuku SSD, nikashuku kebo, nikashuku hata toleo la BIOS. Mjomba naye alikuwa na nadharia yake, kwamba hiyo Windows ni ya vijana, haijazoea kuamka alfajiri.

Jioni hiyo sikuondoka. Mjomba alimaliza barua yake, akazima kompyuta vizuri, akangoja taa zizimike. Kisha akainama, akazima swichi ya ukutani, akachomoa plagi, akauzungusha waya mkononi na kuufungia kwenye droo.

"Umeme haulali, mjomba," akaniambia.

"Na asubuhi unafanyaje?"

"Nachomeka, nawasha, narekebisha tarehe." Akanionyesha saa ya mkononi iliyowekwa pembeni ya kibodi kwa kazi hiyo. "Hii kompyuta husahau mwaka. Ndivyo ilivyo, tangu zamani."

Tangu zamani! Na mtu hajaambiwa! Betri ya CR2032, ile bapa ya duara inayotunza saa na mipangilio ya BIOS kwenye mazabodi, ilikuwa imekufa. Plagi ikiwa ukutani, pawa saplai huendelea kuilisha bodi umeme kidogo hata kompyuta ikizimwa, ndiyo maana majaribio yangu yote yalifaulu. Ikichomolewa usiku kucha, BIOS husahau kila kitu. Enzi za MBR usahaulifu huo ulimgharimu tarehe tu, kwa kuwa Legacy ndiyo iliyokuwa ikitakiwa. Sasa diski ni ya GPT, na Legacy haioni pa kuanzia.

Nikabonyeza kitufe cha kuwashia plagi ikiwa nje ili umeme uliobaki uishe, nikasukuma kile kibanio kidogo cha chuma kwa ukucha, betri ikaruka. Mita ikasoma volti 1.2; nzima husoma 3 au zaidi kidogo. Nikaweka mpya, upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu, nikarudisha mipangilio ya BIOS na saa.

Asubuhi iliyofuata simu ikalia tena. Moyo ukanipasuka.

"Imewaka," akasema Mjomba. "Lakini umeiharibu. Kile kitufe cha kuanzia kimehama, kiko katikati."

Nikamwelekeza: bonyeza kulia kwenye ule mstari wa chini, fungua mipangilio yake, shuka kwenye tabia za mstari, badilisha mpangilio kutoka katikati kwenda kushoto. Kimya. Mlio wa kipanya.

"Ahaa," akasema. "Sasa ndiyo umeitengeneza."