Reli ya Kwanza ya Abiria Duniani, na Mimi Nangoja Basi

Wazee wa Mumbles wana maradhi yao. Kaa nao kwenye benchi dakika mbili tu. Hujaulizwa jina, hujaulizwa kwenu wapi, tayari umeshaambiwa kwamba treni ya kwanza duniani kubeba abiria wa kulipa nauli ilipita hapahapa kando ya bahari, tarehe 25 Machi 1807. Siyo London wala Manchester. Ni hapa, viungani mwa Swansea, Wales, mahali penye gati moja, ngome moja ya mawe, na maduka ya aiskrimu utadhani jua wanalo. Mwaka 1807, jamani! Tanga kwetu Mjerumani ameanza kutandika reli mwaka 1893. Hawa wenzetu wakati huo walishakuwa na miaka 86 ya kulalamikia nauli.

Haya, hongera zao. Mimi swali langu ni dogo tu: hiyo treni iko wapi? Maana mie mwenzenu nangoja basi.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Naamka gizani, nakunywa chai nimesimama, natoka. Kituoni kuna kibao cha umeme kinachoonyesha basi limebakiza dakika ngapi, na kibao hicho ndiye adui yangu mkubwa katika nchi hii. Kinaandika dakika 6. Sawa. Dakika 4, unatoa kadi mfukoni. Dakika 2, unaanza kuchungulia kona. Kinaandika limefika. Unatazama kulia, unatazama kushoto, barabara nyeupe. Mara lile basi linafutika kwenye kibao, linapanda linalofuata: dakika 21. Yaani basi limekuja, limesimama, limeondoka, na sisi sote tuliosimama pale hakuna aliyeliona. Tanga hapo watu wangeshaanza kutajana majina nani kamtuma nani. Huku wanashusha pumzi tu, halafu mmoja anasema, "Afadhali leo hali ya hewa siyo mbaya," na mvua inatupiga ya ubavu.

Tangazo la kuomba radhi lipo, tena kwa lugha mbili, maana Wales vibao vyote vya serikali ni Kiwelshi na Kiingereza. Kwa hiyo basi likikosekana, linakosekana mara mbili.

Historia yenyewe sikuitafuta. Nimemezeshwa na bibi mmoja ninayemhudumia, ambaye kila nikichelewa ananipokea na sentensi ileile: "Treni ingekuwepo ungefika." Basi namwandalia mkate na yai huku nikisomewa shitaka, na kwa kuwa nachelewa mara nyingi, kesi yote sasa naijua.

Ilianza na sheria ya Bunge ya mwaka 1804. Watu walitaka njia ya kukokotea mawe ya chokaa, makaa na madini ya chuma kwa farasi. Abiria hakuna aliyewafikiria, jambo ambalo kwa mtu wa kupanda mabasi halishangazi. Ndipo akatokea bwana mmoja, Benjamin French, akawaambia wenye reli: nawapa pauni 20 kwa mwaka mzima, mniache niweke gari langu nibebe watu. Pauni 20! Kwa mwaka! Kwa reli nzima! Mimi pauni 20 hazinivushi wiki mbili, na siruhusiwi hata kuchagua kiti.

Mwaka huohuo wa 1807 wakapata wazo ambalo mvuvi yeyote wa Sahare, kwetu Tanga, angelikubali. Wakasimamisha mlingoti juu ya gari la reli, wakatweka tanga, wakasubiri upepo mkali. Likaondoka! Maili 4 na nusu kwa chini ya dakika 45, bila farasi, bila makaa, bila kibao. Nimepiga hesabu kwa foleni ya jioni. Ngalawa ile ya chuma ingeshatia nanga Oystermouth, hapa Mumbles, abiria wameshaoga na kula, basi langu bado liko njiani Blackpill linapandisha gari la mtoto.

Nisiwasifu kupita kiasi. Kuna msafiri alipanda mwaka 1813 akaandika malalamiko yake: watu 16, farasi mmoja, mwendo wa maili 5 kwa saa, kelele kama nyundo kubwa 20 zinagonga kwa pamoja, na ukishuka kichwa kinazunguka kiasi kwamba ukipona ndani ya wiki umshukuru Mungu. Bibi akisimulia hapo anacheka. Mimi nasema bwana yule hakuwahi kupanda basi la Lushoto akazipitia kona za Soni na jogoo miguuni.

Sasa sikilizeni mauaji. Miaka ya 1820 ikajengwa barabara sambamba na reli. Akaja mtu na gari lake la farasi la kubeba abiria, yaani basi la zama hizo, akawachukua abiria wote. Reli ikarudia mawe yake. Zaidi ya miaka 30 hakuna treni ya abiria, mpaka mwaka 1860. Hiyo ni mara ya kwanza basi kuiua treni. Ikafufuka, mwaka 1877 ikapata injini ya mvuke, mwaka 1898 ikafika hadi gati jipya la Mumbles, na mwaka 1929 ikaja ile inayomtoa bibi machozi: ya umeme. Magari 13, yote ya ghorofa, kila moja siti 106. Siku za sikukuu waliyaunga mawili mawili, siti 212, watoto wote juu, ghuba yote chini yako. Bibi anasema lilikuwa linayumba mpaka unashika kofia ya mtu usiyemjua. Anavyolisema hilo neno "kofia", mimi nahisi palikuwa na kijana chini yake, lakini sijauliza. Kazini kwetu kuna mipaka.

Mwaka 1958 nani kainunua reli? Kampuni ya mabasi. Hebu fikiria: fisi anamnunua mbuzi, halafu watu wanangoja waone atamlisha nini. Mwaka 1959 ikapitishwa sheria ya kuifunga, maana ilizaliwa kwa Bunge ikabidi izikwe kwa Bunge. Tarehe 5 Januari 1960 treni ya mwisho ikapita. Watu walipinga, walilia, ikafungwa vilevile. Mara ya pili basi limeua treni.

Sasa hapo ndipo damu yangu inapochemka. Ukimuua mwenzako ukachukua njia yake, ukachukua abiria wake, angalau tokea kazini!

Na njia yenyewe je? Imekuwa ya waenda kwa miguu na baiskeli. Mimi mtu wa Tanga, mji mzima unakanyaga baiskeli, nilipopanda ndege nilidhani hizo nimeziaga. Nakuta huku ndizo zimerithi reli ya kwanza ya abiria duniani. Tena siyo baiskeli ya kwenda nayo sokoni na tenga la maembe nyuma. Hapana. Mtu mzima amebanwa na nguo mpaka mbavu zinahesabika, anapita kwa kasi ya mkimbizi, anakupigia kengele kana kwamba umesimama sebuleni kwake. Na kuna viangazi ambavyo walileta kitreni cha matairi, kinatambaa ufukoni na watalii. Treni ya matairi, juu ya njia ya reli iliyong'olewa. Sikusema kitu. Nilikaa kimya nikakitazama kikipita.

Si kwamba watu wa hapa hawajui kutetea vitu vyao. Pale Bracelet Bay kuna kioski chenye umbo la tufaha, tufaha kubwa la zege, lipo tangu miaka ya 1930. Mwaka 2009 gari likaligonga. Mji ukawaka moto! Watu wakakusanya majina, wakapaza sauti, tufaha likakarabatiwa, likapakwa rangi, mpaka leo lipo pale limenona. Nafurahi kwa ajili ya tufaha. Lakini tufaha halinifikishi kazini.

Basi likija, nikiri, ndani pana raha zake. Wenye miaka 60 na kuendelea wanapanda bure Wales nzima, kwa hiyo asubuhi basi ni baraza la wazee na mimi peke yangu niliyelipa. Wanajuana ugonjwa kwa ugonjwa. Goti la fulani naijua ratiba yake ya hospitali. Dirishani unaona maji yameondoka, tope tupu mpaka mbali, maana bahari ya huku ikitoka inatoka kweli, ikirudi inapanda mita nyingi kuliko tuliyoizoea Raskazone, Tanga. Na ukutani mwa bahari yameegeshwa magari, kila gari mzee na mkewe, vioo vimefungwa, vifuta mvua vinakwenda kushoto kulia, kila mmoja na koni yake ya aiskrimu. Januari! Hawasemezani. Wanalamba, wanatazama mvua. Mzee mmoja nilimwona anageuza koni pole pole kuukwepa mchirizi usiguse skafu, kwa makini ya fundi saa.

Mwendo wenyewe usiniulize. Tangu Septemba 2023 barabara nyingi za makazi Wales mwisho ni maili 20 kwa saa. Najua ni kwa usalama, siwezi kusimama hadharani nikapinga watoto wasigongwe. Ila ukikumbuka farasi wa mwaka 1813 alikuwa anakwenda maili 5 na hakuwa na taa za barabarani wala kazi za mabomba, pengo linapungua kwa namna inayotia uchungu.

Na kila anayeshuka anamshukuru dereva. Hakuna "shusha!", hakuna kugonga bati. Amechelewa dakika 40, kakuloesha, kakupitisha kituo, unashuka unamwambia asante. Nilidhani ni unafiki, sasa nami nasema. Hata walevi wanasema. Jumamosi usiku basi la mwisho linapita karibu na kanisa la Oystermouth limejaa vijana waliotoka kuzungukia baa, na kwenye uwanja wa kanisa lile amezikwa Thomas Bowdler, yule aliyejulikana kwa kumfuta Shakespeare maneno machafu ili familia zisome bila aibu. Toleo la kwanza lilitoka 1807, mwaka uleule wa treni, ingawa kazi aliifanya zaidi dada yake Henrietta na jina halikuwekwa. Lugha ya basi lile angepewa Bowdler aisafishe, angefuta kuanzia gatini mpaka Swansea, akabakiza maneno mawili: "asante, dereva."

Lakini haya yote ningeyavumilia kama si shemeji yangu.

Shemeji yuko Dar. Zamani nilipokuja huku alikuwa ananiuliza habari za Ulaya kwa heshima, nami najibu kwa madaha. Sasa mambo yamegeuka. Nyumbani wamejenga reli ya kisasa, tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dar mpaka Dodoma kwa chini ya saa nne. Na huku? Mwaka 2012 waliahidi umeme wa reli kutoka London utafika Swansea. Julai 2017 wakafuta. Umeme umeishia Cardiff. Treni ikitoka pale inawasha dizeli, inakohoa mpaka kwetu. Mji uliokuwa na treni ya umeme ya ghorofa mwaka 1929! Nilimwambia shemeji hayo kwa makosa ya mazungumzo, na tangu siku hiyo amekuwa abiria wa kudumu.

Juzi kanipigia simu ya video nikiwa kwa bibi. Yumo ndani ya Mchongoko, ndiyo hiyo treni yao ya umeme, kiyoyozi kinampuliza, amevaa koti ambalo Dar halina kazi. "Shem! Tazama mwendo!" Akaielekeza simu kwenye skrini: mia na hamsini na kitu. Nje vichaka vinaruka. "Wewe leo umekwendaje kazini, shem?"

Nikamwambia mtandao unakatika.

"Haukatiki, nakuona vizuri sana. Kwani huko Ulaya treni hamna?"

"Hapa ndipo ilipoanza ya abiria duniani, shem. Mwaka 1807."

Akafikiri. "Basi nitumie nauli ya kurudia, shem. Nataka nikae daraja la juu, nikupigie tena uone viti."

Bibi naye ameacha yai, anainyooshea shingo ile simu. Akauliza huyo nani. Nikamwambia ni kaka wa mke wangu, yumo ndani ya treni ya umeme, Tanzania. Akaitazama muda mrefu, ameikunjia uso.

"Ni ya ghorofa?"

"Hiyo hapana, bibi. Ya chini tu."

"Aa," akasema, akarudi kwenye yai lake. "Mwambie ajitahidi."