Univision, Telemundo na Faida ya Kunyimwa

Kila zinapotoka takwimu za watazamaji wa televisheni za Kihispania nchini Marekani, Univision na Telemundo hujitangazia ushindi zote mbili, kila moja kwa kipimo ilichokipenda: hii itahesabu jioni za Jumatatu hadi Ijumaa, ile itahesabu wiki nzima, hii itataja wenye umri wa miaka 18 hadi 49, ile itataja watazamaji wote kwa jumla. Wachambuzi wengi wameuchoka mchezo huo, na hoja yao haina utata. Wanaona kampuni mbili kubwa zikigombea maji ya kisima kinachokauka. Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, milioni 62.1, lakini kati ya 2010 na 2020 ongezeko lao lilitokana zaidi na watoto waliozaliwa Marekani kuliko na wahamiaji walioingia, na wengi wa watoto hao hukua wakitazama vipindi vya Kiingereza. Utafiti wa kituo cha Pew uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba asilimia 54 ya Walatino watu wazima hupata habari zao hasa kwa Kiingereza, na asilimia 21 tu hasa kwa Kihispania. Kwa mtazamo huo, kila dola inayotumika kumnyang'anya mwenzako mtazamaji ni dola iliyopotea, na ingekuwa heri kuwa na kampuni moja yenye misuli ya kupambana na intaneti.

Hoja hiyo ina takwimu za kuiunga mkono, ila inasahau kwamba hali ya kuwa na kampuni moja yenye misuli si ndoto ya kesho. Ilikwisha kuwapo kwa miaka mingi, na matunda yake yanajulikana.

Mwaka 1992 tajiri Jerry Perenchio aliinunua Univision kwa dola milioni 550, akishirikiana na kampuni za televisheni, Televisa ya Mexico na Venevisión ya Venezuela. Kiini cha biashara ile kilikuwa mkataba wa vipindi, kuliko hata mitambo na masafa, kwani uliipa Univision haki ya pekee ya kuonyesha tamthilia za Televisa na Venevisión nchini Marekani hadi mwaka 2017. Robo karne nzima! Televisa ilizitengeneza tamthilia hizo kwa ajili ya watazamaji wa Mexico, ikarudisha gharama zake hukohuko, kisha Univision ikazionyesha Marekani kwa kulipa sehemu ya mapato yake, malipo ambayo yalikuwa madogo mno kulinganisha na gharama ya kuandika, kuajiri na kupiga picha upya. Kwa mhasibu, haukuwahi kuwapo mpango mtamu kuliko huo. Kwa mtazamaji wa Los Angeles au Houston, maana yake ilikuwa kwamba saa mbili usiku, akitoka kazini, angemwona kijakazi mrembo wa Mexico City akipendwa na mrithi wa shamba kubwa, na ni mara chache sana angemwona mtu anayeishi kama yeye, mwenye hofu ya vibali, fedha za kutuma nyumbani na mtoto anayejibu kwa Kiingereza anaposemeshwa Kihispania.

Mtu anaweza kusema kwamba watazamaji wenyewe walizipenda, na hilo ni kweli: mwezi Julai 2013 Univision iliishinda hata mitandao mikubwa ya televisheni ya Kiingereza kwa watazamaji wa umri wa miaka 18 hadi 49. Lakini kupenda unachopewa mahali ambapo hupewi kingine ni ushahidi dhaifu wa chaguo.

Telemundo, kwa upande wake, ilikuwa imefungiwa mlango wa ghala kubwa kuliko yote ya vipindi vya Kihispania. Ilipita katika kufilisika mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikaishi kwa kununua kazi za Brazil, Colombia na TV Azteca ya Mexico, kisha TV Azteca yenyewe ikaanzisha mtandao wake Marekani, Azteca América, mwaka 2001, na muuzaji akageuka mshindani. NBC, mtandao mkubwa wa televisheni ya Kiingereza, ilipoichukua Telemundo mwaka 2002, njia iliyobaki ilikuwa kutengeneza tamthilia zake yenyewe, nyingi zikifanywa Miami. Sidhani kwamba ulikuwa uamuzi wa kishujaa. Yeyote aliyenyimwa bidhaa za Televisa angefika hapohapo, na ndiyo sababu nauona mkataba wa Perenchio kuwa na matokeo ambayo waliousaini hawakuyatarajia hata kidogo.

Tazama *La Reina del Sur*, tamthilia ya Telemundo ya mwaka 2011. Kate del Castillo, aliyepata umaarufu akiwa mwigizaji wa Televisa, aliigiza mwanamke wa Sinaloa, Mexico, anayekimbia kuuawa, anavuka bahari, na kujijengea himaya ya magendo kati ya Morocco na Hispania. Hasubiri kuolewa na tajiri. Ni mhamiaji anayehesabu fedha zake mwenyewe. Kipindi cha mwisho kilitazamwa na watu wapatao milioni 4.2, idadi ambayo Telemundo haikuwahi kuipata kwa tamthilia kabla ya hapo, na katika msimu wa 2016/2017 Telemundo iliipita Univision kwa mara ya kwanza katika saa za jioni za siku za wiki, kwa watazamaji wa miaka 18 hadi 49. Televisa nayo ikaanza kufupisha tamthilia zake na kuharakisha visa. Aliyekuwa amelala kwa starehe ya mkataba aliamshwa na mshindani.

Faida haikuishia kwenye skrini. Mwenye kazi yake ndiye mwenye kuiuza, na Telemundo iliweza kuzipeleka tamthilia zake hadi Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2013, kwa chaneli iliyotafsiriwa kwa Kiingereza ambayo wenye ving'amuzi Nairobi na Dar es Salaam wanaifahamu. Waigizaji wake wa Miami, kwa kuwa walifanya kazi chini ya sheria za Marekani, walipiga kura mwaka 2017 na kujiunga na chama cha waigizaji cha SAG-AFTRA. Tamthilia iliyopigwa picha Mexico City isingewapa nafasi hiyo.

Upande wa pili una lawama nzito, na nzito kuliko zote ni ya maudhui. Mafanikio ya 2011 yalizaa msururu wa tamthilia za wauza dawa za kulevya, *El Señor de los Cielos* ikiwa maarufu zaidi, na Mlatino aliyekuwa akilalamikia filamu za Hollywood zinazomchora kuwa jambazi alijikuta akichorwa hivyohivyo kwa lugha yake. Mshindani akiona damu inauza, huongeza damu. Pia ushindani haukuwafaa wadogo: mtandao wa MundoFox ulianza mwaka 2012 na, baada ya kubadilishwa jina, ulikuwa umezimika kufikia mwisho wa 2016, nayo Azteca América ilifunga mwishoni mwa 2022.

Halafu kuna habari. Univision ya enzi ya utawala wake ilikuwa na Jorge Ramos na María Elena Salinas wakisoma taarifa pamoja kwa takriban miaka thelathini, na mwaka 2007 ilisimama mbele katika kampeni ya kuwahimiza wahamiaji kuomba uraia. Sauti moja yenye nguvu ina uzito ambao sauti mbili zinazobishana huenda zisiwe nao. Nakiri hilo bila kusita, ila uzito huo unamtegemea aliyeishika sauti. Univision na idara ya vipindi ya Televisa ziliungana rasmi mwezi Januari 2022, katika mpango wa dola bilioni 4.8, na mwezi Novemba 2023 mtazamaji wa Univision aliletewa mahojiano na Donald Trump yaliyofanywa na mwanahabari wa Televisa, ambayo wakosoaji wengi waliyaona kuwa laini kupita kiasi. Ni kituo kilekile ambacho Ramos wake alitolewa nje ya mkutano wa Trump na waandishi huko Iowa mwaka 2015. Mtazamaji aliyekerwa alikuwa na mahali pa kuhamia kwa kubonyeza rimoti tu.

Kwa hiyo kinachonitia wasiwasi leo si ukali wa vita hivi. Televisa na Univision zimerudi katika nyumba moja, na kishawishi cha kuleta vipindi vilivyokwisha kulipiwa Mexico ni kilekile cha mwaka 1992. Telemundo, iliyofungua makao ya dola milioni 250 karibu na Miami mwaka 2018, haizuiwi na sheria yoyote kufanya vivyo hivyo, na baadhi ya tamthilia zake kubwa hupigwa picha Mexico tayari. Iwapo zote mbili zitaona kwamba ni nafuu kumtengenezea mtazamaji wa Mexico kwanza, zitaweza kuendelea kutangaza ushindi kila wiki huku yule wa Houston akirudishwa alikokuwa kabla ya 2011.