Gari Gumu la 4x4: Linafaa Wapi, Linachosha Wapi

Ukiwaweka pamoja mpenzi wa Land Cruiser na mpenzi wa Land Rover ya zamani, mabishano hayakawii kuanza. Mmoja ataapa kwamba gari lake haliharibiki. Mwingine atajibu kwamba lake likiharibika analitengeneza mwenyewe pale pale kwa spana chache na kipande cha waya. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anasifia kitu chake: huyu gari lisilosumbua, yule gari linalotengenezeka. Mnunuzi akivichanganya vitu hivi anaishia na chombo kizuri sana kwa kazi ambayo hana.

Wanaotetea magari ya kizamani wana hoja nzito. Land Cruiser ya toleo la 70 ilianza kutengenezwa 1984. Injini yake ya 1HZ, iliyoingia 1990, ni dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi. Mafuta yanasukumwa na pampu ya kimitambo. Hakuna kompyuta inayoamua nozeli ya kupulizia mafuta ifunguke lini. Kwa injini ya ukubwa huo, nguvu za farasi 130 hivi ni kidogo, na uhai wake mrefu unatokana na hapo hapo: injini haikamuliwi. Vyuma vinafanya kazi mbali na kikomo chao, na fundi aliyejifunza kazi kwa mikono anaweza kujua tatizo kwa sikio kabla hajafungua boneti.

Chini yake kuna chasisi ya ngazi, yaani fremu ya vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kama ngazi, na ekseli nzima, yaani mhimili mmoja unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Ekseli nzima ina faida ambayo dereva wa lami haioni. Tairi la upande mmoja likipanda jiwe, la upande wa pili linakandamizwa chini, kwa hiyo linaendelea kushika. Difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, nayo inabaki kwenye kimo kile kile kutoka ardhini hata gari likiwa limelemewa. Kwenye gari ambalo kila gurudumu linajitegemea, springi zikibonyea tumbo linashuka, na jiwe ulilolipita bila kuligusa gari likiwa tupu litagonga chini ukiwa umepakia.

Sasa lipeleke gari hilo hilo kazini kila asubuhi. Usukani una nafasi tupu katikati, kwa hiyo unaurekebisha kidogo kidogo safari nzima. Breki zinahitaji umbali mrefu, hasa kama umeweka tairi za matope: vijino vyake vikubwa vinashika udongo vizuri, ila kwenye lami yenye maji mpira unaogusa barabara ni mchache. Bodi lenye pembe za mraba linapambana na upepo, na kuanzia kilomita 90 kwa saa kipimo cha mafuta kinakwambia ukweli huo. Kama limeinuliwa na kuwekewa keria juu, kuna maegesho ya ghorofa ambayo haliingii kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hulipita haraka. Chukua dereva aliyesahau kutoa 4x4 akiwa kwenye lami kavu. Kwenye kona magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma, na mengi ya magari haya hayana difu ya kati ya kumeza tofauti hiyo. Usukani unakuwa mzito, tairi zinalia, gari linajizuia lenyewe. Akijaribu kutoa 4x4, mkono wa gia unagoma, kwa sababu meno yamebanana kwa mkazo. Dawa ni kurudi nyuma mita chache, au kupitisha tairi za upande mmoja kwenye vumbi ili mkazo ulegee. Akishikilia kwenda hivyo hivyo kilomita nyingi, anaumiza gia boksi ndogo ya 4x4 na shafti zake. Gari dogo la kawaida halimpi mwenyewe mtihani wa namna hii.

Usalama ndiyo hoja ninayoipa uzito kuliko kelele na mafuta. Land Rover Defender ya zamani, ya ukoo ulioanza 1948, ilikoma kutengenezwa Januari 2016 ikiwa bado haina mifuko ya hewa. Jeep Wrangler ilipata nyota moja kati ya tano kwenye majaribio ya 2018 ya Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, na kukosa breki za dharura zinazojifunga zenyewe kulichangia. Suzuki Jimny iliyotoka mwaka huo ilipata tatu. Mwenye gari la namna hii hujiona salama kwa sababu amekaa juu na amezungukwa na chuma. Lakini kukaa juu maana yake uzito uko juu, na kukwepa ghafla kwa mwendo mkali ndiko hupindua magari haya. Kwa familia inayosafiri barabara kuu kila wiki, sioni jinsi ya kulipuuza jambo hili kwa sababu tu gari linapita mtoni.

Je, basi jawabu ni matoleo mapya? Land Rover walijaribu kujibu swali hilo 2019 walipozindua Defender mpya: bodi la alumini lisilo na chasisi ya ngazi, magurudumu yanayojitegemea, na uwezo wa kupita maji ya kina cha sentimita 90. Watu waliinung'unikia sana kabla hata ya kuipanda. Kwa uendeshaji imewaacha mbali wazee wake, kwenye lami na kwenye mawe pia, kwa sababu kompyuta hufunga breki ya tairi linalozunguka bure na kuhamishia nguvu kwenye tairi linaloshika. Dereva asiye na uzoefu anapita mahali ambapo zamani palihitaji mkongwe.

Udhaifu wake uko kwingine, na hapa ndipo ningewaomba wanunuzi wasome polepole. Dizeli ya kisasa ina chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwenye joto la karibu nyuzi 600, na joto hilo linahitaji safari ndefu kidogo ya mwendo wa kutosha. Mtu wa kwenda sokoni na shuleni, dakika kumi kumi, anaukatiza usafishaji kila mara mpaka taa inawaka na gari linapunguza nguvu lenyewe. Kwa hiyo gari lililonunuliwa kwa ajili ya pori linaweza kuuliwa na foleni. Mfumo wa kupuliza mafuta nao unafanya kazi kwa shinikizo kubwa mno, na nafasi kati ya vyuma vyake ni ndogo kiasi kwamba maji kidogo kwenye dizeli yanaharibu nozeli. Kama unakokwenda mafuta huuzwa kwenye madumu, 1HZ ina hoja ambayo hakuna kipeperushi cha mauzo kinachoweza kuijibu.

Wapo waliotaka kuunganisha pande zote mbili. Ineos Grenadier, iliyoanza kutengenezwa 2022 huko Hambach, Ufaransa, ina chasisi ya ngazi na ekseli nzima mbele na nyuma, lakini injini zake ni za BMW. Hata aliyekusudia kutengeneza gari la kizamani alilazimika kuweka injini ya kompyuta, kwa sababu sheria za moshi hazimruhusu vinginevyo. Gari jipya lisilo na umeme mwingi ndani yake limebaki ndoto karibu kote.

Halafu kuna makosa ambayo gari hulaumiwa bure. Tairi kubwa kuliko za kiwandani huongeza mzigo kwenye beringi, breki na shafti. Kupita mtoni nako kuna gharama yake: difu iliyopata moto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ndani yake inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili, hasa kama bomba lake la kupumulia limeziba kwa tope. Fungua nati ya chini siku inayofuata, na oili inatoka na rangi ya chai ya maziwa. Ikiachwa humo miezi kadhaa, beringi zinakufa, kisha mwenye gari anahubiri kwamba toleo hilo ni bovu.

Msimamo wangu ni huu. Kama unatoka nje ya lami na mzigo mzito mara kwa mara, na kukwama ni kulala huko huko, chukua gari la chasisi na ekseli nzima, lenye mitambo michache kadiri sheria inavyokuruhusu, na uvumilie kelele. Kama pori ni la likizo na mvua za msimu, gari laini la 4x4, lililotengenezwa zaidi kwa lami, lenye tairi nzuri na nafasi ya kutosha chini litakufikisha karibu kote, na siku nyingine zote za mwaka litakuwa salama zaidi kwa watoto wako. Jimny inakaa katikati: nyepesi, chasisi ya ngazi, ekseli nzima, ila viti vya nyuma vikiwa wima buti lake ni lita 85 tu. Mwenye watoto wawili na mizigo yao hatoboi.

Ukiamua kununua lililotumika, kabla ya kusikiliza injini uliza fundi wa njia unayopita anahudumia magari mangapi ya toleo hilo, na spea zinamfikia baada ya siku ngapi. Kisha lala chini ya gari. Injini hubadilishwa na gia boksi hufumuliwa, lakini kuondoa chasisi iliyooza ni kulivua gari zima. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari kuukuu itiliwe shaka. Chukua nyundo ndogo ugonge chasisi karibu na ekseli ya nyuma na kwenye maungio: chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hutoa mlio mzito na kumwaga vumbi la kahawia.