Msing'oe vipimamvua vya Rungwe

Nimetoka maonyesho ya wakulima ya Nanenane, viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, nikiwa na hasira. Mtaalamu mmoja kawaambia wakulima wa viazi na chai kwamba vipimamvua vya shuleni vimepitwa na wakati, eti setilaiti sasa inaona kila tone. Watu wakapiga makofi.

Haioni kila tone! Setilaiti kama Meteosat hupima zaidi ubaridi wa vilele vya mawingu, kisha mvua inakadiriwa kwa mahesabu. Kwa wingu refu la radi kule Usangu, makadirio hayo yanaweza kukaribia ukweli. Lakini mtu wa Tukuyu anaijua mvua yake: unyevu unapanda kutoka Ziwa Nyasa, unagonga milima, inanyesha kutwa nzima bila ngurumo. Wingu la namna hiyo ni fupi, kilele chake hakina baridi kali, na setilaiti huipunja mvua yake. Ndiyo maana takwimu za mvua za CHIRPS, zinazotumika sana Afrika, huchanganya picha za angani na vipimo vya ardhini. Tukiving'oa vipimamvua, nani atayasahihisha makadirio? Na pale bima ya mazao inapolipa kwa kufuata takwimu hizo, mkulima ambaye viazi vimemwozea shambani ataambiwa mvua ilikuwa ya kawaida.

Haya, bila setilaiti kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kisingefuatiliwa vile baharini. Hilo silibishi.

Ila mitambo hiyo si yetu, na hata wenyewe huwazimikia. Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, shambulio la kimtandao liliikumba huduma ya intaneti ya setilaiti ya KA-SAT, na mitambo ya kufua umeme kwa upepo kama 5,800 Ujerumani ikakosa mawasiliano ya kuisimamia kwa mbali. Mei 2024 dhoruba ya jua iliivuruga GPS, mfumo wa setilaiti wa kuonyesha mahali ulipo, na baadhi ya wakulima wa Marekani wakasimamisha matrekta katikati ya msimu wa kupanda. Malori yetu ya Tunduma nayo yanafuatiliwa kwa GPS hiyohiyo.

Kipimamvua hakizimwi na mtu aliye ng'ambo. Kinataka mtu wa kukisoma kila siku saa tatu asubuhi, Jumapili na likizo zikiwemo, na daftari lisilopotea. Halmashauri za Rungwe, Busokelo na Makete zitenge fungu, mwalimu anayesoma alipwe posho, na namba zake zifike Mamlaka ya Hali ya Hewa siku hiyohiyo.