Beseni la Mama Watoto

Jamani, nani aliwaambia wake zetu kwamba nyumba isiyo na beseni la kuogea, lile la kujilaza, ni godauni? Mimi tangu utoto naoga kwa ndoo na kopo, na sijawahi kunuka. Lakini mama watoto alishaliona kwenye simu. Likanunuliwa, likapanda kirikuu, likafika Mbagala mtaa mzima ukilitazama.

Fundi marumaru akaja kabla ya fundi bomba. Hiyo peke yake ni kesi ya serikali za mtaa. Akaliinua beseni juu ya matofali, akalizungushia ukuta, akapiga marumaru za kung'aa, akaacha tundu la kupitisha mkono. Mkono wa nani? Labda wa paka. Fundi bomba alipofika na kitambi chake, akalitazama tundu, akaomba kiti.

Sasa chini ya beseni lazima ikae trapu, lile bomba lililopinda shingo, linalobakiza maji kama inchi mbili ili hewa ya shimo la choo isipande ndani. Mskoti mmoja, Alexander Cumming, ndiye aliyekipatia hati miliki choo chenye shingo ya namna hiyo, London, mwaka 1775. Na alikuwa fundi saa! Mtu wa vidole vya kushika viskurubu. Sisi tunaleta viganja vya kubebea zege.

Trapu ya kawaida ikagonga sakafu. Tukaenda Kariakoo kutafuta fupi, kila duka "ipo bosi, ila ya sinki". Fupi ikapatikana, kumbe bomba la ukutani liko juu kuliko mdomo wa trapu. Maji yapande mlima? Hata ya mgao hayapandi, na yale yana pampu! Fundi akasema mteremko ni sentimita mbili kila mita, patasi ikaanza kula ukuta wangu.

Saidia fundi, kijana mwembamba, akalala kifudifudi, mkono ndani, simu yenye tochi mdomoni. "Imeshika?" bosi wake anauliza kutoka kwenye kiti. Akijibu, simu inaanguka. Nati ikazunguka robo, akapumzika, robo tena, akalaani, nyuzi zikapandana, ikafunguliwa yote. Kazi yangu mimi ilikuwa kusema "taratibu, marumaru hizo" na kununua soda.

Ikakaa. Haivuji. Mama watoto amejilaza humo? Thubutu! Maji yakija siku ya mgao, beseni linapigwa kizibo, limekuwa tangi. Tunaoga kwa ndoo, tumesimama kando tukilitazama. Na kujaza anajaza mpaka chini kidogo ya kile kitundu cha kutolea maji yakizidi, hataki tone lipotee. Basi trapu huko chini haipati kitu, inakauka, na harufu inapita kwenye kitundu hicho hicho mpaka sebuleni tukiwa mezani.

Nikampigia fundi. "Bosi, mimina jagi la maji kwenye kitundu kila wiki, trapu ijae."

Kwa hiyo Jumapili baba mzima nainama juu ya beseni lililojaa maji, nachota humo humo, nakinywesha kitundu. Juzi shemeji kanikuta.

"Shem, unafanya nini?"

"Nanywesha mifugo ya dada yako."