Ukinyamaza, umekwisha kukubali

Mwaka 2019 FTC, tume ya Marekani inayolinda watumiaji, ilitoa utafiti kuhusu kesi za kundi, zile ambazo wachache hushtaki kampuni kwa niaba ya maelfu waliodanganywa kwa namna moja. Pale ambapo sharti la kulipwa ni kujaza fomu, waliodai walikuwa asilimia 4 ya wote waliotaarifiwa. Asilimia 4! Katika watu 100, 96 walipelekewa taarifa wakaachana nayo.

Wengi husema ni uvivu. Mimi naona tahadhari. Ndugu zetu walioko huko, Wakongomani, Wakenya, Watanzania, wameshaonywa mara nyingi kwamba anayekuambia una pesa usizozitarajia ni tapeli, na mara nyingi ni kweli. Kadi ya taarifa ya kesi, yenye maandishi madogo ya kisheria, inaishia kwenye pipa la taka.

Wanaozipinga kesi hizi wana hoja. Mawakili huondoka na fungu nono, mara nyingi robo hadi theluthi. Zamani waathirika walipewa vocha za kununua tena kwa kampuni ileile iliyowadanganya, hadi Bunge likaingilia kwa sheria ya mwaka 2005. Na hawaachi kuitaja Equifax, kampuni inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Mwaka 2017 wadukuzi waliiba humo taarifa za watu kama milioni 147. Suluhu ya 2019 ilitaja dola 125 kwa waliotaka fedha taslimu, lakini fungu la malipo hayo lilikuwa dola milioni 31 tu. Piga hesabu: zinawatosha watu 248,000. Watu walipomiminika, FTC yenyewe ikatangaza kwamba kila mtu angepata pungufu sana.

Hapo sibishi. Lakini nani atamlipa wakili ili adai dola 30 peke yake? Jaji Richard Posner aliliona hilo mwaka 2004: bila kesi moja ya watu milioni 17, hazitafunguliwa kesi milioni 17, haitafunguliwa hata moja. Kampuni zinalijua vizuri. Ndiyo maana huchomeka katika mikataba kifungu kinachomkataza mteja kushtaki kwa kundi, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikipitisha katika shauri lililoanzia kwenye kodi ya dola 30.22 iliyotozwa kwa simu zilizotangazwa kuwa za bure.

Jambo ambalo wenye kadi mkononi hawaambiwi kwa lugha nyepesi ni hili: katika kesi nyingi za fidia, asiyejitoa kwenye kundi kwa maandishi kabla ya tarehe iliyowekwa hufungwa na makubaliano yanayomaliza kesi. Asipojaza fomu hapati pesa, na haki yake ya kushtaki kwa jambo lilelile imekwenda. Fedha zisizodaiwa, kwa baadhi ya makubaliano, hurudi kwa kampuni yenyewe. Wale 96, basi, hawakubaki pembeni. Walitoa haki yao bure.

Kwa hiyo kabla ya kutupa, soma jina la kesi na la mahakama, kisha uipigie mahakama kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, siyo ile ya kwenye kadi. Marejesho yanayosimamiwa na FTC yameorodheshwa ftc.gov/refunds, na tume hiyo haimtozi mtu chochote ili alipwe. Fomu nyingi hazidai risiti, ila unaapa kwamba unasema kweli, kwa hiyo usidai bidhaa ambayo hukununua. Tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye kadi hiyohiyo.